Salamu za Mguu Mmoja

Jumatatu, 10 Machi 2025

Mutalemwa kaja kabla sijamaliza uji. Uso umemshuka. Nikajua ni mwanawe.

Ndiye. Kahigwa kapiga simu kutoka Bukoba. Kasikia kwamba baba yake aliteleza kwenye mawe majuzi. Nani kamwambia? Mbea gani? (Nilimwambia mimi, ila nilikuwa namsimulia kama kichekesho.) Sasa kasema Alhamisi baba yake aende akapimwe. Parokia ya hapa Igogo imeleta mtaalamu wa viungo anayewapima wazee, kuona nani bado anasimama sawasawa na nani ni wa kuanguka wakati wowote. Mutalemwa akifaulu, abaki Mwanza. Akifeli, Kahigwa anakuja kumchukua moja kwa moja, na nyumba yake inapangishwa.

Nikamwambia nenda basi, kwenu kuna ndizi. Nilisema hivyo hivyo. Uji sikuumaliza.

Watu wa chini hawaijui Igogo ya huku juu. Nyumba zimekaa juu ya mawe, na njia yenyewe ni mawe. Kila jioni tunashuka pamoja hadi kwa muuza kahawa, tunapanda pamoja, tumeshikana mikono. Namshika kwa sababu ni dhaifu. Alikuwa mwalimu wa jiografia, amekula chaki maisha yake yote. Mimi nilicheza bugobogobo, jembe nalirusha juu nalidaka huku nacheza. Mtu wa namna hiyo haanguki. Nikisikia kizunguzungu ni njaa tu.

Mkewe Adventina kazikwa kwao Bukoba. Wangu, Paskazia, kalala Magu. Tumebaki wawili huku juu, Msukuma na Mhaya, na Dorotea binti yangu, anayeuza dagaa sokoni na kutupikia sote. Akiondoka huyu nitabishana na nani?

Kwa hiyo atafaulu. Nimeamua.

Jumanne, 11 Machi

Mazoezi.

Nilianza kwa kumhoji Antoni wa nyumba ya chini, aliyepimwa wiki iliyopita akafeli. Kufeli kwake anakusimulia kama harusi. Anasema unainuka kwenye kiti bila kushika, halafu unatembea kisigino kikigusa vidole kama unapita juu ya uzi, halafu unasimama kwa mguu mmoja mpaka simu ya huyo mtaalamu ilie. Kiti na uzi Mutalemwa anaviweza akikazana. Shida ni mguu.

Tukajaribu barazani kwangu. Akainua mguu, akapepesuka, akaenda kukaa katikati ya turubai la dagaa wa Dorotea. Dorotea aliporudi alisema dagaa waliokaliwa na mwalimu hawauziki. Mutalemwa akataka nimwonyeshe mimi kwanza jinsi ya kusimama. Nikamwambia mwalimu hafanyi mtihani wa mwanafunzi. Hilo alilielewa, ni mtu wa kazi hiyo.

Juu ya paa la choo kuna korongo kasimama kwa mguu mmoja tangu asubuhi. Analala hivyo hivyo. Hajasoma, hajapimwa, hana mtoto Bukoba. Nilimrushia jiwe. Nikayumba kidogo nikashika mlango. Upepo.

Jioni nimepata akili. Mutalemwa ana kanzu aliyovaa kwenye harusi ya Kahigwa, ndefu, inafagia chini. Mtu akiwa ndani ya kanzu ile, nani atajua mguu gani uko juu na gani uko chini? Mutalemwa kasema huo ni udanganyifu. Nikamwambia huo ni uvaaji.

Alhamisi, 13 Machi

Ukumbi wa parokia. Wazee wamejaa kwenye mabenchi, kila mmoja anajifanya kamsindikiza mwenzake. Mtaalamu mwenyewe ni msichana, Kija, mtu wa Magu. Alitupigia goti, shikamoo moja moja hadi mwisho wa benchi. Nikasema moyoni, huyu kalelewa.

Kiti, sawa. Uzi, sawa, ingawa Mutalemwa alinyata kama mwizi wa kuku. Ukafika mguu. Kija akaitazama kanzu. Akasema samahani sana babu, hii tuikunje kidogo. Akaikunja mwenyewe hadi magotini na kuibana kwa vibanio vya nguo. Kanzu ya harusi! Miguu ya Mhaya ikabaki hadharani, myembamba, imepauka. Akainua mmoja. Akaanza kuyumba. Kija simu mkono huu, mkono mwingine kaunyoosha tayari kumdaka.

Sikufikiri. Nilimwendea, nikamnyooshea mkono, nikasema, Mwangaluka.

Kwetu salamu haikatizwi. Ukishashika mkono wa mzee mwenzako huuachii mpaka mmeulizana yote: nyumba, watoto, mvua, mashamba, ng'ombe, waliobaki na waliokufa. Kijana anayewakatiza wazee wakiamkiana anatafuta laana. Kija anajua. Alifungua mdomo, akaufunga, akainamisha kichwa na simu yake mkononi.

Mutalemwa kazeekea Mwanza na Kisukuma chake ni neno moja, mhola, yaani amani, salama. Siku zote anadai lugha yetu haimwingii. Nikauliza nyumba. Mhola. Watoto. Mhola. Nikauliza ng'ombe mmoja mmoja, yule mwekundu, yule wa madoa, yule mwenye pembe moja. Mhola, mhola, mhola. Mguu wake uko juu, na mkono wake umeung'ang'ania wangu mpaka mifupa inalia. Nilikuwa nimeanza kuulizia shemeji zangu wa Magu simu ilipolia. Akashusha mguu.

Kija aliitazama mikono yetu. Akasema amefaulu. Halafu akaniomba na mimi nipimwe. Nikamwambia mimi ni msindikizaji. Nikatoka, nikiugusa ukuta hapa na pale, maana sakafu yao ina nta.

Ijumaa, 14 Machi

Kahigwa kapewa habari. Safari kaifuta. Kasema baba yake ni simba. Dorotea kapika ndizi kwa heshima ya ushindi. Mutalemwa hakula sana, anasema ni Kwaresima. Nikala zake.

Mchana vijana wa parokia wamepanda na mabomba, saruji na mashine ya kuchomelea. Kumbe waliofeli wanawekewa bomba la kushikia, kutoka mlangoni hadi barabarani, na kila Jumatatu wanafanya mazoezi na Kija, bure. Waliofaulu hawahitaji. Bomba limeanzia kwa Antoni likashuka chini. Huku kwetu halikupanda. Wamelipaka rangi ya bluu. Antoni anashuka akilipapasa kama ng'ombe aliyemnunua leo, na akifika chini anageuka kunipungia.

Sikuona wivu. Bomba ni la wagonjwa.

Mutalemwa alisimama mlangoni kwake akaliangalia mpaka vijana walipoondoka.

Jumatano, 19 Machi

Mvua tangu juzi. Mawe yanateleza kama sabuni.

Mutalemwa kaja na wazo la ajabu. Anataka aende kwa Kija aseme ukweli, apimwe upya bila salamu. Anasema usiku hapati usingizi akifikiria njia ile. Anataka bomba. Nikamuuliza, na Kahigwa je? Akasema atazungumza naye kiume. Labda akiona bomba lipo na mazoezi yapo, atamwacha abaki.

Labda. Nimwache rafiki yangu kwenye labda?

Nikamwambia wasomi ndivyo mlivyo, mtihani mmefaulu mnataka kuurudia. Nikamwita nshomile, Mhaya wa kujivunia shule. Akaniita Ngosha, Msukuma mkaidi. Nikamwambia kama anataka kuniumbua mbele ya mtoto wa watu, aniumbue. Akasema hajali kuumbuka, anajali nyonga yake. Basi mdomo ukaniponyoka. Nikamwambia wewe si umefaulu? Tembea mwenyewe, usinishike mkono tena.

Akavaa kofia yake. Akarudi kwake akipapasa kuta za majirani, na nilimwangalia mpaka mlango ukafungwa. Nilitaka kumwita. Nikasema kesho ataanza yeye.

Ijumaa, 21 Machi

Hakuanza. Na mimi sikuanza.

Kila Ijumaa ya Kwaresima Mutalemwa huenda Njia ya Msalaba. Mimi si mtu wa kanisa, lakini humshusha hadi mlangoni, kisha namsubiri kwa muuza kahawa. Leo nilikaa ndani. Nilimsikia akija. Alisimama chini ya dirisha langu. Akakohoa, kile kikohozi cha mtu anayebisha hodi bila kubisha. Nikaongeza sauti ya redio.

Akakohoa tena. Halafu nikasikia viatu vyake vikishuka.

Alianguka kwenye jiwe lililo juu ya kwa Antoni. Bomba linaanzia pale pale, chini yake kidogo. Antoni alikuwa mlangoni, aliona yote. Anasema Mutalemwa alikuwa kanyoosha mkono kulitafuta bomba, na lilibaki kidogo tu.

Nyonga. Vijana walimshusha kwa kitanda cha Antoni, mvua inampiga usoni. Dorotea kaenda naye hospitali. Mimi nilifika mwisho wa baraza langu nikasimama. Sikuweza kushuka. Niliita jina lake, lakini walikuwa wameshafika mbali.

Redio ilikuwa bado inasema. Nilirudi nikaizima. Nimelia kama mtoto, na ninaandika hapa kwa sababu hapa hapasomwi na mtu.

Jumapili, 23 Machi

Hospitali. Tulishuka mimi na Dorotea tumeshikana mikono. Nilimshika kwa sababu yeye mawe yanamtisha.

Mutalemwa kalala chali, mguu umefungiwa uzito wa kuunyoosha. Kapungua. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri ya kusuluhisha, tangu jana nayapanga. Nikayasahau yote. Akaniangalia, akasema hata Yesu alianguka mara tatu, na hakuna aliyempima. Nikacheka. Halafu nikageukia ukutani.

Kahigwa kafika kwa basi. Kijana mrefu, mpole, shikamoo yake ya mikono miwili. Nikajitahidi. Nikamweleza kwamba lilikuwa ganda la parachichi, hata askari angeanguka. Akaitikia. Nikamwambia kwetu mtu aliyevunjika mfupa hapitishwi juu ya maji mpaka mfupa uunge, ni mwiko mkubwa. Hakuna mwiko huo. Niliutunga nimeegemea kabati la dawa. Kahigwa akasema kwa heshima kwamba anaelewa, ila wakishamtia chuma na daktari akiruhusu, watapanda meli, barabara itamtikisa. Kisha akanishukuru kwa kumtunzia baba yake miaka yote hii.

Afadhali angenitukana.

Kija naye alikuja. Alisimama miguuni mwa kitanda, kibegi chake kakikumbatia. Alisema siku ile aliona mkono. Aliona kila kitu, ila hakujua mtu anawakatizaje wazee wanaoamkiana. Kwao hajawahi kuona. Akasema kosa ni lake, machozi yanamtoka, mtoto wa watu. Mutalemwa akaniangalia. Dorotea akaniangalia. Nikataka kusema neno moja tu, lilikuwa limeshafika mdomoni.

Nikasema kosa ni la mvua.

Jumamosi, 5 Aprili

Bandarini. Meli huondoka usiku, lakini mgonjwa hupandishwa jua likiwa bado juu. Kahigwa anasukuma kiti cha magurudumu. Mutalemwa kavaa ile kanzu ya harusi. Anasema haimbani, na ndani yake hakuna ajuaye mguu gani mzima. Huyo ni yeye akinitania.

Akanipa fimbo yake. Mti mgumu, mpini umepinda, aliachiwa na baba yake. Hakuwahi kuitumia, aliitundika ukutani. Akasema yeye sasa ana magurudumu. Nikamwambia hata mimi sina kazi nayo. Akaniwekea mapajani pale nilipokaa, kama vile sijasema kitu.

Mtu wa meli akasema wakati umefika. Nikainuka. Mutalemwa akanyoosha mkono, nikaushika.

Akasema, Mwadila, salamu yetu ya jioni.

Nikadhani utani. Akaendelea. Kisukuma! Kizima, kina lafudhi ya ndizi, lakini kizima. Miaka yote hiyo alikuwa anakisikia na kukificha. Akauliza nyumba yangu. Akamuulizia Dorotea. Akauliza mvua, akauliza mashamba ya Magu ambayo nilishayauza. Akauliza ng'ombe, yule mwekundu, yule wa madoa, yule mwenye pembe moja, kwa mfuatano ule ule wa ukumbini, na wale ng'ombe hawapo tangu Paskazia alipougua. Mimi nikawa najibu mhola, mhola. Neno jingine lote lilinikimbia.

Mtu wa meli alikuwa mtu wa kwetu. Aliinamisha kichwa akasubiri. Watu nyuma yetu na mabegi yao wakasubiri.

Akamaliza walio hai, akaingia kwa waliokufa. Alimtaja Paskazia, akamtaja Adventina wake. Kisha hapakuwa na wa kuulizwa tena, na bado hakuuachia mkono. Akaniambia kwa Kiswahili, taratibu, kwamba siku ile ukumbini aliubana mkono wangu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa naanguka. Kwamba hata kwenye mawe ndivyo ilivyokuwa, siku zote. Kwamba Bukoba ni kwao, mkewe yuko kule, angekwenda zamani. Hakwenda kwa sababu hakujua ni nani atakayenishusha.

Dawa za maumivu zile. Kila mtu anajua zinavuruga akili ya mtu.

Kahigwa akasukuma kiti. Nilibaki na mkono umenyooka mpaka Dorotea akauchukua.

Jumatano, 9 Aprili

Nyumba ya Mutalemwa imepata mpangaji, fundi simu. Ananiita mzee baba. Hanywi kahawa.

Asubuhi nilikaa chini ghafla. Dorotea anasema nilianguka. Sikuanguka. Nilikuwa juu ya stuli naifunga fimbo ya Mutalemwa kwenye paa, ishikilie waya wa redio, stuli ikaondoka. Fimbo haikutikisika. Imesimama vizuri, sauti ya redio sasa safi kabisa. Yule korongo ameshaigundua na kuikalia.

Dorotea kanikagua kiuno na viwiko. Hakunigombeza, na hapo ndipo nilipoogopa. Akakaa chini karibu yangu akasema amechoka kuwa sokoni masikio yakiwa huku juu. Kesho anafunga meza, ananipeleka kwa Kija. Anasema nisihofu, hakuna anayekuja kunichukua. Nikifeli ndiyo heri. Bomba litapandishwa mpaka mlangoni kwetu, na Jumatatu nitafanya mazoezi na wenzangu. Kija mwenyewe kaahidi, na kasema safari hii salamu zote zitamalizwa nje kwanza.

Nimemsikiliza mpaka mwisho. Nikamwambia sawa mwanangu. Alipoondoka kwenda sokoni nikamwita Antoni.

Kufeli mimi? Mchezaji wa bugobogobo niwekewe bomba la bluu kama Antoni? Hapana. Mpango ni mzuri kuliko ule wa kwanza. Kija kakataza salamu. Hakukataza pole. Antoni ataingia nikiwa mguu juu, atanishika mkono anipe pole ya rafiki yangu aliyeondoka. Nani atamkatiza mzee anayepewa pole? Antoni kasita, kasema yeye siku hizi hafiki mbali na bomba lake. Nimemwambia ukumbi una kuta. Kakubali kwa shingo upande.

Jioni nikafanya mazoezi peke yangu barazani. Nikainua mguu, nikanyoosha mkono. Nikaona si vibaya kupiga salamu kidogo, kwa kukumbuka tu. Nikauliza nyumba, nikajijibu mhola. Nikauliza watoto. Nikamuulizia ng'ombe mwekundu. Nilipofika kwa yule wa madoa, mkono ukatafuta kitu cha kushika, nikaukuta mlango.

Upepo tu, ingawa ziwa lilikuwa limetulia.